Presha isiyoshuka na mkoromo wa usiku

(Mazungumzo yaliyotolewa na afisa tabibu kwa wagonjwa wa presha na jamaa zao, katika banda la kusubiria la zahanati. Tunayachapisha kwa kuwa siku hiyo mvua ilikuwa inapiga bati, na waliokaa nyuma walilalamika kwamba hawakusikia.)

Wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana mvua ni kubwa na mimi sina sauti ya mhubiri. Mama mwenye mtoto, njoo ukae hapa kwenye benchi.

Leo nilitakiwa nizungumze juu ya kumeza dawa kila siku. Hayo mmeyasikia mara nyingi, na wengine hapa mnaweza kunifundisha mimi. Nitazungumza juu ya usingizi. Najua mtasema: sisi tumekuja kupimwa presha, usingizi unaingiaje hapo? Subirini kidogo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Alikuwapo mzee mmoja, fundi wa baiskeli, ambaye presha yake ilikuwa 180 kwa 110. Tulimpa dawa ya kwanza. Haikushuka. Tukaongeza ya pili, kisha ya tatu, ile ya kukojoza maji. Kila mwezi akija, kadi yake inasema yale yale. Siku moja nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, wewe dawa humezi. Dawa unaziuza sokoni." Hakunijibu. Mwezi uliofuata hakuja. Aliyekuja ni mke wake. Alikuwa amefunga vidonge vilivyobaki katika pindo la kitenge, akavimwaga juu ya meza yangu, akasema, "Hesabu." Nikahesabu. Vilikuwa sawasawa na siku zilizobaki, hakuna hata kimoja kilichozidi wala kupungua. Ndipo akaniambia, "Daktari, huyu mume wangu usiku anakufa, halafu anarudi. Mimi silali. Namsubiri arudi."

Nilimwomba radhi yule mama, na baadaye nikamwomba radhi mume wake. Na maneno yake ndiyo yaliyonipeleka kuvisoma tena vitabu ambavyo nilikuwa nimevisahau.

Alichokuwa anakiona mama huyo ni ugonjwa wenye jina. Madaktari huuita apnia ya usingizini. Kwa maneno yetu, ni kukatika pumzi ukiwa umelala. Mnalijua koo. Njia ya hewa ya kooni haina mfupa wa kuizunguka na kuishika pande zote, ni nyama laini. Mchana misuli inaishika isijifunge. Usiku ukilala, misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inakuwa nyembamba. Hewa ikipita mahali pembamba inatikisa zile nyama laini, na hiyo ndiyo sauti ya mkoromo. Kwa watu wengi mambo yanaishia hapo. Lakini kwa wengine njia inaziba kabisa. Mkoromo unanyamaza. Kifua na tumbo vinaendelea kupanda na kushuka, mtu anavuta lakini hewa haiingii. Ni kama kunyonya maji kwa mrija mliouminya. Baada ya sekunde 10, 20, hata zaidi ya nusu dakika, anashtuka, anakoroma kwa nguvu kama mtu aliyetoka ndani ya maji, anageuka, anaendelea kulala. Halafu inaanza tena.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui. Asubuhi atakwambia amelala vizuri. Anayejua ni yule aliyelala karibu naye, au jirani, maana nyumba zetu hizi zimebanana na ukuta wa turubai hauzuii sauti.

Sasa presha. Kwa mtu mwenye afya, presha ya usiku hushuka, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 kuliko ya mchana. Moyo nao unapumzika. Lakini kila pumzi inapokatika, hewa safi katika damu inapungua, ubongo unaona hatari, unapiga kengele. Mwili unamwaga ile homoni ya hofu, moyo unakimbia, mishipa inajikaza, presha inapanda ghafla. Mimi na ninyi tunajua hofu ya usiku ni nini. Mlango ukigongwa saa nane, moyo unafanyaje? Basi mgonjwa huyu mlango wake unagongwa mara 5 kwa saa kama ugonjwa ni mdogo, na mara 30 au zaidi kwa saa kama ni mkali. Usiku mzima, kila usiku, miaka. Hatimaye mishipa inazoea kujikaza hata mchana. Ndiyo maana tunampa dawa na dawa haifui dafu.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba katika kila watu 10 wenye presha, huenda watatu hadi watano wana tatizo hili kwa kiasi fulani. Kwa wale ambao presha imekataa kushuka na wanameza dawa tatu kweli, ni zaidi ya nusu. Hao pia wako katika hatari kubwa zaidi ya kupooza, ya moyo kwenda mbio bila mpangilio, na ya moyo kushindwa kazi. Kwa hiyo sitaki kuwauliza watu wote wa kambi hii kama wanakoroma. Kwa mtu asiye na dalili yoyote, hata wataalamu wa Marekani walisema mwaka 2022 kwamba ushahidi hautoshi kuamua kama inafaa kumpima au la. Naanza na ninyi wa kadi za presha.

Tutatumia maswali manane. Yalitungwa na madaktari wa Toronto, nchini Kanada, wakayatangaza mwaka 2008. Mwanzo yalikuwa kwa watu wanaokwenda kufanyiwa upasuaji, sasa yanatumika mahali pengi kwa sababu hayahitaji umeme wala mashine. Yanahitaji mdomo, sikio na futi ya fundi cherehani.

Tutakuuliza kama unakoroma kwa sauti ya kusikika hata mlango ukiwa umefungwa. Kama mchana unachoka au unasinzia mara kwa mara. Kama kuna mtu aliyewahi kuona pumzi yako ikikatika au ukikabwa usingizini. Kama una presha, na hilo ninyi nyote tayari jibu ni ndiyo. Kama uzito wako umezidi sana urefu wako. Kwa mtu wa sentimeta 160 tunazungumzia kama kilo 90 na kuendelea. Kama umepita miaka 50. Kama shingo yako imezidi sentimeta 40, tukiipima kwenye usawa wa kikoromeo. Na kama wewe ni mwanamume, maana wanaume hupatwa zaidi. Kila ndiyo ni alama moja. Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. Alama 3 au 4, ni ya katikati. Alama 5 na zaidi, hatari ni kubwa, na huyo hatutamwacha aende nyumbani bila kukaa naye.

Mama zangu, hapa nataka niseme neno. Maswali haya yanawapendelea wanaume, yaani yanawaona wao upesi zaidi. Mwanamke mwenye ugonjwa huu huenda asikorome sana. Atakuja anasema hapati usingizi, ana uchovu usioisha, kichwa kinamuuma asubuhi, moyo ni mzito. Na sisi tunamwambia ni mawazo. Baada ya miaka ya kukoma hedhi hatari inaongezeka. Kwa hiyo mama ukipata alama mbili lakini presha haishuki na kichwa kinakuuma kila asubuhi, usikubali nikurudishe. Niambie, "Daktari, ulisema mwenyewe." Vilevile mtu mwembamba asijione amepona, wapo wenye taya dogo au mafindo makubwa kooni ambao pumzi zao hukatika na hawana hata kilo moja ya ziada.

Mambo mengine ya kutuambia, ingawa hayamo katika yale manane: kuamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa, kuamka na mdomo mkavu, kuumwa kichwa alfajiri na kikaacha chenyewe jua likipanda, kusahau sahau, hasira za bure.

Kuna jambo ambalo mzee mmoja alininong'oneza kabla hatujaanza. Anasema kwao huyo anayekabwa usiku amekaliwa na jinamizi, au ametumiwa na mtu. Sitamcheka. Lakini sikilizeni tofauti. Kile watu wanachoita jinamizi, mtu mwenyewe yuko macho, anajua, anataka kupiga kelele na mwili haumtii. Asubuhi anasimulia yote. Mwenye pumzi kukatika hasimulii kitu, anayesimulia ni mke wake. Na kuna la tatu, ambalo wengi humu mnalo na hatulisemi: zile ndoto za mambo tuliyoyaona njiani na nyumbani kabla ya kufika hapa. Hizo nazo zinamshtua mtu na jasho linamtoka. Mtu mmoja anaweza kuwa na mambo mawili pamoja. Wenye ndoto hizo, wapo wenzetu wa ushauri nasaha kwenye chumba cha mwisho, na mlango wao hauandikwi jina la ugonjwa wowote.

Shahidi wa usiku afanye nini? Mwache mwenzako alale usingizi mzito, chali kama ndiyo kawaida yake. Kaa kimya, usimwangazie tochi usoni. Sikiliza kwa muda wa nusu saa hivi. Mkoromo ukinyamaza ghafla na kifua bado kinapanda, anza kuhesabu polepole: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Ukifika mia na kumi kabla pumzi haijarudi, weka alama kwenye daftari la mtoto. Tuletee idadi ya alama. Kama unaogopa, mgeuze alale ubavu, hutamdhuru. Wala huhitaji kusubiri ufike mia na ishirini ndipo umguse, hatufanyi mtihani.

Wengi mnakijua kile kidude cha kubana kidoleni, tulikitumia sana wakati wa UVIKO. Mtu mmoja alikuja akaniambia, "Nipime kwa hicho." Nilimpima, ikatoka 97. Ndiyo, mchana ukiwa macho itatoka vizuri, maana koo liko wazi. Haisemi lolote juu ya saa nane za usiku. Kipimo chenyewe cha kuthibitisha ni cha kulala nacho usiku kucha, mashine ikiandika pumzi, mapigo ya moyo na hewa ya damuni. Sisi hapa hatuna. Maswali manane hayathibitishi ugonjwa, yanatuonyesha nani wa kutiliwa shaka.

Sasa naona yule kijana ameshanyoosha mkono na najua anachotaka kuuliza. (Aliuliza: Kama kipimo hakuna, na dawa yake ni mashine ambayo nayo hakuna, mnatuuliza maswali ya nini? Mnataka kutuandika tu?)

Swali zuri, na nitalijibu bila kuzunguka. Tiba kubwa ya ugonjwa huu ni mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago puani ili koo lisijifunge. Ilitangazwa mwaka 1981 na daktari wa Australia, Colin Sullivan, na wenzake. Inafanya kazi. Inahitaji umeme usiku kucha, na ninyi mnajua taa zetu. Hata wanaoitumia huko, presha yao kwa wastani hushuka kidogo tu, alama mbili tatu, na zaidi kidogo kwa wale ambao presha ilikuwa imekataa dawa. Hawaachi vidonge. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akasema mashine ndiyo ingemponya presha, na asitoke mtu akaacha dawa kwa sababu ya mazungumzo haya.

Lakini yako mengi ya kufanya bila mashine. La kwanza ni namna ya kulala. Kwa watu wengi koo hujifunga zaidi wakilala chali. Shona mfuko mdogo mgongoni mwa fulana, katikati ya mabega, utie ndani ule mpira wa matambara wanaocheza watoto, au soksi iliyofungwa fundo. Ukijigeuza chali utakuumiza, utarudi ubavuni bila hata kuamka. Watu watakucheka wiki ya kwanza. Inua pia upande wa kichwani wa kitanda, tofali moja chini ya kila mguu wa mbele. Kulundika mito hakusaidii, kunakunja shingo.

La pili ni pombe. Sitaki kuhubiri, nasema juu ya koo. Pombe inalegeza misuli ile ile ambayo tayari imelegea, na gongo ni kali. Mkoromaji akinywa jioni, usiku wake unakuwa mbaya mara mbili. Na vile vidonge vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja, diazepamu ya kutafutia usingizi na tramadoli ya maumivu, kwa mtu huyu ni hatari kweli, kwa sababu ubongo unachelewa kupiga ile kengele niliyowaambia. Kama unatumia kwa muda mrefu usikate ghafla, nayo ina madhara yake. Njoo tuipunguze pamoja. Hatutakuuliza ulinunua kwa nani.

Juu ya unene sitasema mengi. Mgao mnaujua kuliko mimi, na kumwambia mtu apunguze kula wakati mgao wenyewe umepunguzwa ni kumkosea adabu. Ila ni kweli kwamba kwa aliyezidi uzito, hata kupungua kilo chache kunalegeza shingo. Chumvi ndiyo naweza kuisema wazi, pamoja na vile vidonge vya kuungia mboga ambavyo ni chumvi tupu. Chumvi inashikilia maji mwilini. Mchana maji yanakaa miguuni, usiku ukilala yanapanda mpaka shingoni na kubana koo. Aliyevimba miguu jioni na kukoroma usiku, chumvi inamhusu mara mbili.

La tatu ni letu sisi wenye makoti meupe. Tukijua una dalili hizi, tunachagua dawa kwa namna nyingine. Ipo dawa ya nne, spironolaktoni, ambayo imeonyesha kusaidia presha iliyokataa dawa tatu, lakini inataka kupimwa damu kwa ajili ya figo na potasiamu, kwa hiyo hatuigawi kama pipi. Na ukipelekwa hospitali kwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, au mama anayekwenda kufanyiwa operesheni ya kuzaa, aseme kwa yule wa dawa ya usingizi: "Mimi nakoroma na pumzi inakatika." Asingoje aulizwe. Watu wa namna hii wanahitaji kuangaliwa kwa karibu baada ya kuzinduka. Tutakuandikia kwenye karatasi ya rufaa.

Na la kazi. Walinzi wa usiku wanaofukuzwa kwa kusinzia, waendesha pikipiki, anayekaa karibu na jiko la kuni hadi usingizi unamchukua. Si wavivu wote. Mwendesha pikipiki mwenye kusinzia akiwa njiani apumzike kubeba watu mpaka tumwone. Najua ni mkate wake. Lakini abiria ana watoto pia.

Umeuliza pia juu ya kuandikwa, na nimekusikia vizuri. Karatasi ya maswali manane inakaa ndani ya faili lako la kliniki. Haihusiani na kadi ya mgao, wala haipelekwi kwenye usaili wowote. Ukitaka kuiona, uombe, utaonyeshwa. Ukipata safari au ukirudi nyumbani, tutakupa nakala umwonyeshe daktari wa huko, maana huenda yeye anacho kipimo cha usiku.

Mtaniuliza fundi wa baiskeli alifikia wapi. Alipata alama 6. Alishonewa mfuko mgongoni na mke wake, akaacha kunywa jioni, akanyanyua kitanda, tukambadilishia dawa. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa 152 kwa 94. Bado si nzuri, tunataka iwe chini ya 140 kwa 90, na bado tunapambana nayo. Kichwa cha asubuhi kimekwisha. Mke wake anasema bado anamsikiliza usiku, ila sasa na yeye hulala.

Msisahau lile la siku zote: mkono au mguu ukilegea ghafla, mdomo ukipinda, maneno yakikwama, kifua kikibana, usingoje siku ya kliniki. Njoo hata usiku wa manane, umwamshe mlinzi.

(Bibi mmoja aliuliza: Mimi naishi peke yangu, watoto wote walibaki huko. Nani atanihesabia?)

Bibi, pole. Jirani yako wa ukuta anakusikia, nakuhakikishia, huenda amekuwa anakuhesabia bila kupenda. Mwambie aje nawe. Kama huna unayemwamini, mhamasishaji wa afya wa mtaa wako, yule mama wa fulana ya kijani, atapanga na mwenzake walale kwako usiku mmoja. Tutawapa tochi na daftari. Wengine wote, siku yenu ijayo ya kliniki njooni na mtu anayelala karibu nanyi, mume, mke, mjukuu, yeyote. Leteni vidonge mlivyobakiza. Safari hii sitavihesabu mbele ya watu.